Mrima na Jombo: vifupi kwa kimo, vikubwa kwa mambo

Siku ukipanda matatu kutoka Ukunda kwenda Lunga Lunga, tupa macho upande wa kulia kabla ya kufika mpakani. Nyuma ya minazi na mikorosho utaona vilima viwili vimejitenga. Kilicho karibu na barabara ni Mrima, chenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilicho nyuma yake ni Jombo, ambacho hupita mita 450.

Aliyezoea Mlima Kenya atacheka. Mkaazi wa Vanga hacheki. Mji wake, kama kilomita 20 kusini mwa Mrima, umelala chini kabisa, kati ya mikoko na matope, pale Mto Umba unapoingia baharini. Mto huo huanzia milima ya Usambara huko Tanzania, na mvua kubwa ikinyesha huko, Vanga huweza kufurika hata kama kwao jua linawaka. Katika nchi tambarare namna hiyo, mita 300 si haba.

Je, vilima hivi vilitoka wapi? Wanafunzi wa jiografia, sikilizeni. Ukanda ulio kando ya bahari ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Shimba Hills ni mchanga ulioshikana hadi ukawa jiwe. Mrima na Jombo asili yao ni moto. Katika zama za dinosauri, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka tumboni mwa ardhi, yakapenya mawe ya mchanga, kisha yakapoa na kuganda. Mvua ikayala mawe laini ya kandokando, na yale magumu yakabaki yamesimama.

Mrima kina siri zaidi. Mwamba wake ni wa aina ya chokaa, lakini chokaa iliyozaliwa na moto, si na bahari. Kwa miaka mingi mvua imeuozesha, ikaacha udongo mzito wenye manganizi, niobi inayotumika kuimarisha chuma, na madini adimu yanayotafutwa sana kwa mitambo ya umeme na simu. Umo pia uthori, ndiyo maana mionzi ya asili katika kilima hiki ni mikubwa kuliko kawaida.

Hapo ndipo mvutano ulipoanzia, kwa kuwa juu ya utajiri huo umesimama msitu wa hifadhi, nao ni kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuchimba Mrima. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi wa uwekezaji, na mwaka 2018 Kenya ikashinda. Baraza liliona leseni hiyo haikuwa halali, kwa kuwa masharti ya sheria, yakiwemo ya kulinda mazingira na msitu, hayakutimizwa.

Kesi iliisha, madini yangali pale. Tangu mgodi mkubwa wa titani wa Kwale ufungwe mwishoni mwa 2024, swali limezidi kuwa zito kwa vijana wanaotafuta kazi. Njaa ya kazi ni ya kweli, wala si haki kuwabeza. Lakini tukumbuke kwamba udongo wa mteremko hushikwa na mizizi. Msitu ukiondolewa, mvua huushusha hadi mashambani na vijitoni. Madini huchimbwa mara moja. Kilima kikishabomolewa hakijengwi tena.

Kwa hiyo likizo ikifika, wazazi, wapelekeni watoto wakavione. Kabla ya kuingia msituni ombeni ruhusa ya wazee wa kaya, msikate hata kijiti. Kisha mkiwa njiani kurudi, waulizeni watoto: kilima kina thamani kwa kilichomo ndani yake, au kwa kuwa kimesimama? Msiwape jibu upesi.