Safari ya wawili: Kulala hotelini Mombasa bila kuwaudhi jamaa

Kuna jambo ambalo watu wengi wa Garsen, Minjila, Ngao na Hola huliwaza kimya kimya bila kuthubutu kulisema mbele ya wazee. Nalo ni hili: je, mume na mke waliooana kwa miaka mingi wanaweza kwenda Mombasa wakalale katika hoteli nzuri, ilhali wana ndugu wa damu huko Kisauni, Likoni au Majengo?

Suala hili nimeletewa na mama mmoja wa Garsen. Ameolewa kwa miaka 19 na ana watoto watano. Mumewe ana shamba la maembe kando ya mto Tana. Katika miaka hiyo yote, asema, hawajawahi kulala hata usiku mmoja mahali ambapo hakuna mtoto, mkwe au mgeni nyuma ya ukuta. Sasa mumewe amesikia habari za hoteli ndogo za kupendeza na anataka wakae huko siku mbili.

Mama huyu ana hofu mbili. Kwanza, kwamba pesa za maembe zitateketea bure. Pili, kwamba wifi yake aliyeko Mombasa atanuna na kuwaambia watu kuwa wamepata vijisenti wakaanza kuringa.

Hofu zote mbili zina msingi, na si za mama huyu peke yake. Hebu tuzitazame moja baada ya nyingine.

Hoteli gani hizi?

Huku kwetu mtu akikuambia "twende hotelini" huwa anakualika chai na mahamri. Mahali pa kulala ni lojing au gesti. Hoteli tunayoizungumzia leo si gesti ya karibu na stendi, wala si ile hoteli kubwa ya ufuoni yenye mamia ya vyumba. Ni hoteli yenye vyumba vichache, pengine kumi au ishirini, kila kimoja kimepambwa kwa namna yake, na wahudumu hukujua kwa jina kabla ya siku yako ya kwanza kwisha.

Wenzetu wa ng'ambo huziita hoteli za butiki. Moja ya zile za mwanzo ni Blakes, iliyofunguliwa London mwaka 1978 na Anouska Hempel. Mwaka 1984 Ian Schrager na Steve Rubell wakafungua Morgans mjini New York. Inasemekana ni Rubell aliyeeleza kwamba hoteli nyingine zilikuwa kama duka kubwa lenye kila kitu, na yao ilikuwa kama butiki, yaani duka dogo la nguo zilizochaguliwa. Jina hilo likashika.

Lakini Pwani tulikuwa na nyumba za namna hiyo karne nyingi kabla ya jina hilo kuzaliwa. Nyumba za mawe za Lamu, zenye daka la kupokelea wageni, kiwanda cha ndani, misana mirefu na zidaka ukutani, nyingi zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka mmoja kabla yake. Mombasa nako, katika Mji wa Kale na nje yake, utapata hoteli ndogo zilizofuata mtindo huo.

Jamaa kwanza, hoteli baadaye

Wengi huanza na bei. Mimi nakushauri uanze na wifi.

Desturi yetu haikatazi mtu kulala kwingine. Linalouma ni kusikia habari kwa watu wengine. Wifi akiambiwa na muuza samaki kwamba kaka yake alionekana Mombasa na hakubisha hodi, hapo umeshachimba shimo ambalo zawadi haiwezi kulifukia.

Kwa hiyo mume mwenyewe, si mke, ampigie dada yake simu angalau wiki mbili kabla ya safari. Amwambie waziwazi: "Dada, tunakuja siku tatu. Usiku tutalala hotelini mimi na wifi yako, kwa kuwa hatujawahi kupumzika pamoja. Chakula cha mchana cha siku ya kwanza tutakula kwako." Nasema mume kwa sababu lawama ya aina hii hutafuta mke wa kuibeba. Yeye ndiye aliyezaliwa tumbo moja na dada huyo, na ni rahisi zaidi yeye kusamehewa.

Kisha msiende mikono mitupu. Chukueni maembe kama ni msimu wake, mchele wa delta, kambare aliyekaushwa vizuri, au chupa ya samli safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkifika na kapu, mkala, mkacheka na kuwabusu watoto, nani atakumbuka mmelala wapi?

Jambo moja zaidi. Kama katika nyumba hiyo kuna mgonjwa, au kuna matanga ambayo hamjahudhuria, ahirisheni hoteli. Hapo hakuna maelezo yatakayoeleweka.

Mwezi gani?

Hapa sisi watu wa Tana River tuna shida yetu wenyewe. Hoteli za Pwani hushusha bei wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Juni, kwa kuwa watalii ni wachache. Lakini Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo mto wetu hufura. Na haufuri kwa mvua ya Garsen pekee. Mvua ikinyesha sana Mlima Kenya na Nyandarua, mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere yakajaa na kufurika, maji yale hutufikia hata kama mbingu yetu ni nyeupe.

Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 hayajasahaulika. Yale ya mwishoni mwa 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara katika sehemu mbalimbali za Tana River. Novemba 2023 hata daraja la Mbogolo, kati ya Malindi na Kilifi, lilipitwa na maji juu. Bei rahisi ya chumba haina maana ikiwa basi limesimama ukingoni mwa maji na watoto wako upande wa pili.

Desemba, Pasaka na Agosti, hoteli hujaa na bei hupanda. Januari nayo ni ya karo. Basi hesabu yangu ni hii: kwa mwenye pesa za maembe, Februari na Machi ni miezi mizuri, baada ya karo kulipwa na kabla ya masika kuanza. La sivyo, ngojeni mwishoni mwa Juni, maji yakishashuka, au Septemba. Tena chagueni siku za katikati ya juma, kwani Ijumaa na Jumamosi bei mara nyingi huwa juu. Na kwa Waislamu, angalieni kalenda msije mkaangukia Ramadhani bila kukusudia.

Pesa: hesabu kamili

Ukiulizia bei ya chumba, usiridhike na namba ya kwanza. Uliza kama ni ya chumba kizima au ni ya kila mtu. Wengi huaibika hapa. Wamesikia elfu sita, kumbe ni elfu sita kila mmoja.

Uliza pia kama ushuru umo ndani. Tuseme chumba ni sh8,000 kwa usiku bila ushuru. Siku mbili ni sh16,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni sh2,560, na tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo ni sh320. Jumla inakuwa sh18,880. Hizo karibu sh2,900 za ziada ni nauli na mlo wa watu wawili. Hoteli nyingine huongeza pia malipo ya huduma.

Uliza kama kuna bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Pwani zina bei mbili, moja ya wageni kutoka ng'ambo na nyingine ya Wakenya. Bei ya wakazi hutolewa ukionyesha kitambulisho, nawe utakihitaji vilevile kwenye vizuizi vya polisi barabarani.

Sasa nisikilize vizuri. Kama pesa hizo ni za karo, za dawa ya mama mkwe, au za mbegu, jibu ni hapana. Usikope kwa ajili ya safari hii wala usiuze mnyama wakati wa kiangazi, amekonda na bei iko chini. Wekeni kidogo kidogo kila mauzo, katika akaunti ambayo hamwigusi. Ikichukua miaka miwili, ichukue. Ndoa iliyongoja 19 itaweza kungoja 21.

Maswali kabla ya kutuma hata shilingi

Pigeni simu, msitegemee picha za kwenye intaneti peke yake. Picha hupigwa siku chumba kilipopakwa rangi. Ulizeni haya:

Mosi, ngazi. Majumba ya kale yana ngazi zilizosimama wima na mara nyingi hayana lifti. Mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini.

Pili, maji. Mombasa ina matatizo ya maji ya mfereji ya muda mrefu. Ulizeni kama kuna tangi na kama maji ni ya chumvi.

Tatu, umeme ukikatika kuna jenereta? Kuna feni au kiyoyozi? Kuna chandarua?

Nne, kwenu mnaojali, je, chakula ni halali na kuna pombe katika jengo? Hoteli nyingine wanauza, nyingine hawauzi. Ni bora kujua mapema kuliko kuhama usiku.

Tano, wataka cheti cha ndoa? Wapo wenye nyumba wanaouliza. Bebeni nakala ili pasiwe na maneno.

Sita, na hili ni la watu wa mto hasa: barabara ikikatika kwa mafuriko, mtaturudishia amana au mtatusogezea tarehe? Jibu lake lije kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Ahadi ya mdomo hupotea na upepo.

Mkituma amana kwa M-Pesa, tazameni jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa ni jina la mtu binafsi na si la hoteli, simameni. Matapeli huiba picha za hoteli halali wakajifanya wao ndio wenyewe. Mwombeni wifi au mpwa apite kwa miguu akaone kama nyumba ipo. Mwaona sasa faida ya kumwambia wifi mapema? Aliyetumwa kukagua hawezi tena kulalamika kwamba alifichwa.

Nyumbani mnakoacha

Watoto waachwe na mtu mzima mmoja aliyekubali kwa moyo, si aliyelazimishwa. Mwachieni unga, pesa za dharura na namba ya simu ya hoteli. Mkubwa wa watoto aambiwe ukweli, kwamba baba na mama wanakwenda kupumzika. Hilo nalo ni somo la ndoa.

Safari yenyewe

Kutoka Garsen hadi Malindi ni kilomita zipatazo 110, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni 120 nyingine. Pandeni basi la alfajiri ili mfike na mwanga, mle kwa wifi, kisha mwingie hotelini alasiri. Hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa nane mchana, na siku ya kuondoka hutaka mtoke kufikia saa nne asubuhi.

Mkishafika msijaze siku kwa shughuli. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, yafaa kutembelewa asubuhi kabla ya jua kali. Jioni nendeni Mama Ngina, mkae mtazame meli zikiingia bandarini, mnunue mihogo ya kukaanga. Muda unaobaki ni wenu. Zimeni simu kwa saa chache, mkishahakikisha watoto wamekula.

Na mama yangu wa Garsen, usione haya ukikaa mezani na mumeo usijue la kusema. Mkiwa mmezoea kuzungumza kuhusu karo, ng'ombe wa jirani walioingia shambani na mgonjwa wa nani, kimya cha kwanza kitakuwa kizito. Kiacheni kipite. Mwulize jambo ambalo hujamwuliza tangu mlipokuwa wachumba. Mlilipia chumba, lakini mnachohitaji hasa ni hayo mazungumzo.

Na kama hesabu itakataa kabisa, maana hiyo hiyo yaweza kupatikana kwa usiku mmoja Malindi, au hata nyumbani kwenu, watoto wakienda kulala kwa bibi yao. Ila msiseme "tutafanya siku moja" bila kutaja siku. Chukueni kalenda leo jioni, mkae pamoja, mtie alama.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nawatakia mapumziko mema.