Maarifa ya mama yamevuka mpaka bila risiti

Mama wa Rugerero anayepeleka mboga Goma hukaguliwa mzigo wake mpakani. Maarifa ya akina mama wa Kongo yaliondoka bila kukaguliwa wala kulipiwa.

Miaka ya 1960, daktari Lorents Gran kutoka Norway, akihudumu Kongo, aliona wajawazito wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Aliutafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1995 umbo kamili la peptidi yake likajulikana. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa kutoka Vienna walionyesha kwamba mmea huo una peptidi inayogusa kipokezi kilekile cha oksitosini, homoni itokayo ubongoni ambayo hubana mfuko wa uzazi.

Sayansi hiyo ni njema, ila ilifanyiwa mbali. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Basi vyuo vya pande zote mbili vitafiti mimea hii pamoja, na wenye maarifa wawe na fungu lao kwenye mkataba.

Hadi hapo, mjamzito aende hospitali. Uchungu ukichochewa bila kipimo, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.