Tai Shingoni, Jasho Mgongoni

Kyela iko bondeni, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Joto lake halina huruma, na mvua za Machi hadi Mei hugeuza njia za Bujonde kuwa tope. Hata hivyo, wangali wapo watumishi wanaoamini kwamba mtu hawi ofisa mpaka avae koti zito lenye bitana na tai iliyomkaba shingo. Mkulima yumo jarubani, maji yamemfika magotini. Mtaalamu wake amesimama tutani, anaogopa kuteremka asije akachafua suti. Je, nguo hiyo imevaliwa kwa ajili ya nani?

Koti la sufu lilishonwa kwa baridi ya Uingereza, likaletwa huku kuwa alama ya utawala. Ajabu ni kwamba mkoloni mwenyewe, alipopatwa na joto, alivaa kaptura. Aliyerithi kiti chake ndiye aliyeling'ang'ania koti. Kama hiyo si kasumba, basi neno hilo halina maana.

Wala haisemwi kwamba njia nyingine haikuonekana. Mwalimu Nyerere aliongoza nchi akivaa suti isiyo na tai, ya mtindo wa Chou En-lai, na hakuna aliyemwona mdogo. Jina la Kenneth Kaunda wa Zambia limebaki katika kaunda suti, ambayo kila fundi cherehani anaijua.

Watetezi wa tai husema kwamba bila tai heshima ya kazi itapotea. Huo ni uongo mtupu. Mwanafunzi humheshimu mwalimu anayewahi darasani na kufundisha akaeleweka, hata kama shati lake lina mikono mifupi.

Lakini dawa si amri. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Walioonewa zaidi ni wasichana, na wakubwa wenye suti hawakuguswa. Huko Zaire, katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza suti na tai akaleta abacost, nayo ikageuka sare ya wakubwa. Marufuku hubadili nguo, ikaiacha kasumba mahali pake.

Hivyo kila mtumishi hana budi kufungua kabati lake na kuiuliza kila nguo: Je, inavalika saa sita mchana Kyela? Je, inaweza kuingia shambani? Na nani amepata riziki kwa kuishona? Sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu huuzwa nje ikiwa ghafi, huku wenye pamba wakigombania mitumba ya wengine.

Shati jepesi la pamba na suruali pana, vilivyoshonwa na fundi wa Kyela, vyamtosha mtumishi wa Bujonde. Akivaa hivyo, hatakuwa na kisingizio cha kubaki tutani.