Msitu Hauna Mgombea

Tarehe 29 Oktoba mwaka 2025 wakazi wa Mufindi waliitwa kupiga kura katika majimbo matatu: Mafinga Mjini, Mufindi Kaskazini na Mufindi Kusini. Mabango yalitundikwa, nyimbo zilitungwa, ahadi zilimwagwa. Hata hivyo, jambo lililo moyo wa uchumi wa wilaya hiyo halikuwamo katika sanduku la kura. Jambo hilo ni msitu.

Shamba la Miti Sao Hill lilianza kwa majaribio mwaka 1939, likapanuliwa sana baada ya uhuru, na leo eneo lake linazidi hekta 130,000. Hakuna shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko hilo nchini. Misindano na mikaratusi yake imezaa viwanda vya mbao, nguzo za umeme na utomvu. Ndiyo iliyofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo katika miaka ya 1980. Mmiliki wa shamba ni serikali kuu, kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wakala hupanga kiasi cha kuvunwa, hutoa vibali na hukusanya mrabaha. Katika mlolongo huo wote hakuna mahali panapohitaji saini ya mbunge.

Sasa sikilizeni kampeni. Mgombea anawaahidi vijana vitalu vya kuvuna. Anawaahidi akina mama vibali vya vikundi. Anaahidi lami ya Mafinga hadi Mgololo, ahadi iliyozeeka kuliko baadhi ya wapiga kura wanaoishangilia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini huyu anakopa kwa dhamana ya mali isiyo yake.

Madhara yake ni makubwa kuliko uongo wa jukwaani. Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge aliyechaguliwa kwa ahadi ya vibali hawezi kuifanya kazi hiyo. Asubuhi yupo mlangoni kwa waziri akiomba vitalu. Jioni atasimamaje bungeni kumhoji waziri huyohuyo jinsi vitalu vilivyogawiwa? Muomba chumvi huombea chungu chake, na aliyezoea kuomba husahau kuuliza. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, umeikoleza tabia hiyo: msimamizi wa matumizi ya serikali amefanywa naye kuwa mgawaji, na tunampima kwa mabati na madawati.

Tuulize pia ushindani wenyewe ulifanyika wapi. Tarehe 12 Aprili Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA haitashiriki, kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Vyama vingine vipo, lakini katika majimbo mengi ya vijijini mchuano mzito ulikuwa kura za maoni za CCM za tarehe 4 Agosti. Mkulima wa miti asiye na kadi ya chama alipokea mbunge wake mtarajiwa kwa njia ya simu, kama anavyopokea bei ya magogo: imeshapangwa. Kila msimu TAKUKURU hutoa maonyo kuhusu rushwa katika kura hizo, na maonyo hayo yenyewe ni ushahidi wa aina ya hoja zinazoaminiwa kushinda humo.

Mufindi haiko peke yake. Ukishika barabara kuu hadi Mbeya, kisha ukapanda kuelekea Chunya, utakuta kisa hikihiki kimevaa dhahabu. Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920. Kiwango cha kawaida cha mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, na fedha hizo huenda Hazina; ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri ulikuwa asilimia 0.3. Kwa tozo hizo mbili, kila shilingi 1 iliyobaki Chunya iliachwa na shilingi 20 zilizoondoka. Ni mgombea yupi aliyeitaja hesabu hiyo jukwaani?

Nitajibiwa kwamba rasilimali ni za Watanzania wote, na kwamba kudai fungu la wenyeji ni kupanda ukabila na umajimbo. Hoja hiyo ni nzito na ina heshima yake. Umoja wetu haukuokotwa. Lakini umoja haulindwi kwa giza. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya gesi, na serikali ikajibu kwanza kwa askari. Sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi ilikuja mwaka 2015. Kenya, ambayo nayo ina makabila na mashaka yake, iliandika katika Sheria ya Madini ya mwaka 2016 kwamba mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la machimbo. Utekelezaji umesuasua, lakini mwananchi wa huko anadai haki iliyoandikwa. Wa kwetu anaomba hisani.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu na wanaharakati, mgombea akija kijijini msimuulize ataleta nini. Muulizeni mambo matatu. Je, atapeleka bungeni hoja ya kuweka kisheria fungu la mrabaha wa misitu na madini linalobaki wilayani? Je, atadai orodha ya waliopewa vibali, pamoja na ujazo waliopewa, ibandikwe kila mwaka kwenye mbao za matangazo za vijiji? Je, yuko tayari kutamka hadharani kwamba yeye na kampuni zake hawataomba kitalu hata kimoja muda wote atakaokuwa mbunge?

Nanyi watumishi wa umma mnaosoma makala hii ofisini, orodha hizo mnazo. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi, na ulinzi wa msitu hauishii kwenye kuzima moto wa kiangazi. Unaanzia kwenye faili lililo mezani kwenu.