Kuanza Upya Ukiwa na Mwenzako



Mwezi huu tunaomba mturuhusu tuweke kando homa za watoto na lishe ya wajawazito, tuzungumze juu ya kazi. Wengi wenu mnajua jinsi mama anavyoumia moyoni, kazi aliyoitegemea kwa miaka mingi inapokwisha mikononi mwake. Huja kliniki akisema kichwa kinamwuma na usingizi hapati. Ukimpima, presha imepanda. Ukimwuliza taratibu ndipo unapopata habari yenyewe. Ndivyo alivyotujia mwenzetu mmoja hapa Ilembo. Ametukubalia tuisimulie habari yake, mradi tusimtaje jina.

Mwenzetu huyu alipanga kurasa za vitabu na majarida kwa zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda cha uchapaji, mbali na hapa. Alianza miaka ya tisini, wakati safu za maandishi zilikatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi juu ya karatasi yenye mistari ya vipimo. Wazee aliowakuta humo walikuwa wamezoea kupanga herufi moja moja za risasi, nao walimsimulia jinsi walivyolazimika kunawa vizuri kabla ya kula, maana risasi ni sumu. (Kwetu Mpanda risasi si ngeni: reli yetu itokayo Kaliua ilijengwa zamani za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini hayo hayo.) Baadaye ikaja kompyuta na programu ya PageMaker, naye akaijifunza. Lakini wateja walipungua mwaka hata mwaka, kwa vile kadi za harusi, kalenda na matangazo vilihamia kwenye simu. Kazi ikakoma, akarudi nyumbani na rula yake ya chuma.

Wakati huo sisi tulikuwa tukitafuta njia ya kuwapasha akina mama habari za siku za chanjo na za mikutano yetu ya kanisa. Tukamwambia, “Dada, kwa nini tusijifunze wote kutengeneza kurasa za tovuti?” Akacheka, akasema, “Nesi, mimi nina miaka hamsini. Wajukuu wanione nikifundishwa na mtoto?” Tukamjibu kwamba hata sisi tungefundishwa na mtoto huyo huyo, na kwamba yeye alikuwa na ujuzi wa kurasa, ilhali sisi tulikuwa na mabango ya kliniki tu, yale ya kuchora kwa kalamu nene. Basi kila Jumamosi mchana tukaketi wawili mbele ya kompyuta moja ya kuazima, pamoja na kijana wa jirani anayesomea mambo hayo.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba kujifunza hakuhitaji intaneti kila saa. Unaandika maneno katika programu ndogo ya kuandikia, unahifadhi kwa jina linaloishia na .html, kisha unalifungua katika kivinjari kilichomo ndani ya kompyuta, na ukurasa wako unaonekana. Bando halitumiki hata kidogo. Kila sehemu huzungukwa na alama: hapa kichwa cha habari kinaanza, hapa kinaishia, hapa aya inaanza, hapa inaishia. Mwenzetu alipoona hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mbona hii ndiyo kazi yangu?” Kumbe ni kweli. Tangu zamani wahariri waliandika alama kwa kalamu kwenye muswada ili mpanga chapa ajue lipi ni kichwa na lipi ni aya, na desturi hiyo ndiyo iliyozaa lugha hii ya kurasa za tovuti. Mwingereza Tim Berners-Lee alipopendekeza mtandao wake wa kurasa mwaka 1989, akiwa kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva, hakuanza na kitu kigeni kwa wachapaji. Na mwaka 1993 CERN iliutoa mtandao huo bure kwa watu wote. Ndiyo maana nasi wa Ilembo hatukuombwa kibali na mtu.

Hata hivyo alikuwa akikosea mara kwa mara. Alisahau kufunga alama, ukurasa mzima ukawa maandishi manene, naye akajiita mjinga. Sisi tulitazama jinsi alivyokuwa akirudisha kichwa nyuma ili asome, tukatambua ugonjwa kabla ya kijana. Akina mama, baada ya miaka arobaini nguvu ya macho ya kuona vitu vya karibu hupungua kwa kila mtu. Alipopata miwani ya kusomea, ujinga wote ukaisha. Mume wake naye alinung'unika Jumamosi mbili tatu kwa sababu chakula kilichelewa. Hatumlaumu, njaa haina adabu. Maharage yakaanza kuinjikwa mapema na mtoto wa kiume akafundishwa kusonga ugali.

Lililomtesa zaidi lilikuwa kipimo. Katika uchapaji, mpangaji ndiye bwana wa karatasi: upana ni huu, ukingo ni huu, picha inakaa hapa na haisogei. Ukurasa wake wa kwanza ulipendeza sana katika kompyuta. Tulipoufungua katika simu ya mama mmoja sokoni, maneno yalikuwa madogo kama chawa na picha ilikuwa imejaza kioo chote. Isitoshe, picha hiyo ilikuwa nzito mno, ikamlia bando lake. Kijana akatueleza kwamba tatizo hili liliwasumbua wengi hata Mmarekani Ethan Marcotte alipoandika mwaka 2010 juu ya kurasa zinazojinyoosha na kujikunja kufuatana na kioo cha msomaji. Mwenzetu aliona uchungu. “Yaani msomaji ndiye anayepanga ukurasa wangu?” Ilimchukua wiki tatu kuiweka ile rula kabatini.

Sasa tuwaambie lile tusilopenda kulisimulia. Ukurasa wetu ulipokuwa tayari tulitangaza siku ya huduma ya mkoba katika kijiji kimoja kuwa Alhamisi. Siku ikabadilishwa kuwa Jumanne. Mwenzetu akasahihisha dakika ile ile, nasi tukafurahi, kwa kuwa katika uchapaji kosa likishapita mashineni unabaki na nakala elfu zenye kosa. Alhamisi akatokea mama na mtoto wa miezi tisa, amekuja kwa miguu kufuata chanjo ya surua. Chanjo hiyo ikishachanganywa haitumiki tena baada ya saa sita, kwa hiyo hatuna chupa inayomngoja mtu wa mwisho. Tulimwambia siku ilikuwa Jumanne. Akatoa simu yake, akatuonyesha: Alhamisi. Simu ilikuwa imetunza nakala ya zamani ya ukurasa, kama zinavyofanya simu nyingi ili zisipakue upya kila mara, na ikamwonyesha nakala hiyo.

Yule mama hakutugombeza. Alimfunga mtoto mgongoni akauliza tu siku nyingine ni lini. Tulimwandikia kwa mkono aende kituo cha afya Jumatatu, akaenda, na kadi ya mtoto ikajazwa. Lakini mwenzetu alilia jioni ile, akisema afadhali karatasi, maana karatasi mtu anaiona ilivyo. Tulikaa naye kimya. Hatukuwa na la kumwambia, kwa sababu hata sisi tulikuwa tumeuamini ukurasa ule kuliko tulivyopaswa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mambo mawili kutoka kiwandani kwake. La kwanza, prufu husomwa na watu wawili: mmoja anasoma muswada kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Tangu hapo hakuna tarehe inayotoka bila sisi wawili kuisoma hivyo, hata kama ni mstari mmoja. La pili, kitabu chenye kosa hutiwa kikaratasi cha masahihisho. Basi juu kabisa ya ukurasa tukaweka mstari usemao umesahihishwa tarehe gani na umebadilika nini. Kijana naye akatuonyesha maagizo ya kukitaka kivinjari kiulize kwanza kama kuna nakala mpya. Na siku za chanjo tunazibandika pia mlangoni mwa kanisa, na kuzitangaza baada ya ibada, maana si kila mama ana simu ya kioo.

Presha ya mwenzetu imeshuka, ingawa dawa anaendelea kunywa kama alivyoagizwa. Mwezi uliopita fundi cherehani mmoja alimwomba amtengenezee ukurasa wa vitenge na magauni yake, akamlipa nusu kwa fedha na nusu kwa sare ya shule ya mjukuu. Picha zote alizipunguza uzito yeye mwenyewe. Jumamosi hii tunaanza somo la majedwali. Amekwisha kutuonya kwamba mistari yake haijamridhisha na kwamba tufike mapema.