Mgeni wa polepole na kitunguu cha Lumuma

KATIKA barabara ya pwani inayotoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo hupita wageni wa aina yake. Hawalali hotelini. Gari lao ndiyo nyumba: nyuma kuna kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, wengine wamefunga hema juu ya paa la Land Cruiser. Safari ambayo mwenye haraka huimaliza kwa siku moja, wao huifanya wiki mbili. Leo wako kwenye magofu ya Tongoni, keshokutwa wako Pangani, kisha wanaegesha chini ya minazi ya Ushongo mpaka samaki wawachoshe.

Mwenye hoteli hana sababu ya kuwapenda watu hawa. Mwenye genge anayo. Mtalii wa hoteli mara nyingi amekwisha kulipia chakula chake kabla hajapanda ndege, lakini huyu wa gari anapika mwenyewe. Kila siku mbili tatu anahitaji nyanya, vitunguu, mayai, ndimu, nazi na mahali pa kujaza maji. Fedha yake kwa siku ni ndogo, ila inaingia moja kwa moja mkononi mwa muuzaji, tena inaachwa katika vijiji vingi. Hata ada za Hifadhi ya Saadani, zinazotozwa kwa kila saa 24, humfanya asiye na haraka atumie siku nyingi nje ya hifadhi kuliko ndani.

Hapa ndipo mkulima wa Lumuma anapoingia. Kata hiyo ya Wilaya ya Kilosa, upande unaopakana na Mpwapwa, hulima vitunguu vya kumwagilia, na kitunguu kinachokaangwa Ushongo chaweza kuwa kimetoka huko. Njiani kimepita kwa dalali, mwenye lori na mchuuzi, kila mmoja akichukua chake. Lakini hesabu iliharibika mapema zaidi, pale shambani, kwa lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Chukulia gunia lililoongezwa kilemba likafika kilo 130, likalipwa bei ya gunia moja. Katika kila magunia 10, mkulima ametoa matatu bure. Mchuuzi wa pwani hauzi kwa lumbesa. Anauza kwa kilo au kwa fungu, na kile kilemba anakiuza pia.

Jambo la pili halihitaji sheria. Hewa ya pwani ina unyevu. Kitunguu kilichong'olewa majani yakiwa mabichi, kikakatwa shingo na kushindiliwa guniani siku hiyo hiyo, huoza haraka. Kilichoachwa majani yakalala, kikakaushwa kivulini mpaka shingo ikanyauka, kisha kikachambuliwa kwa ukubwa, hudumu wiki nyingi. Mgeni wa gari anakitaka hicho, maana stoo yake ni kikapu nyuma ya kiti. Atanunua kilo mbili katika mfuko wa wavu, bei ikiwa imeandikwa. (Wapo wanaopenda kubishana bei, lakini anayeipandisha mara tatu kwa kutazama rangi ya ngozi anampa mauzo jirani yake wa kijiji kinachofuata.)

Isidhaniwe kwamba wageni hawa watamaliza mavuno ya Lumuma. Ni wachache, na gunia litaendelea kwenda Dar es Salaam. Faida yao ni kumwonyesha mkulima kuwa kitunguu kilichotayarishwa vizuri kina bei yake, bei ambayo hata familia ya Kitanzania iliyo safarini wakati wa sikukuu iko tayari kuilipa. Wala si lazima kwenda Pangani kulijaribu hilo. Mji wa Mikumi uko katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, kwenye barabara kuu ya Zambia, na magari ya kulala yanayotoka Zambia na Malawi kuelekea pwani hupita hapo. Kikundi chenye mizani iliyohakikiwa na meza moja kando ya barabara kinaweza kuanza msimu ujao.

Huko pwani muda ni mfupi zaidi. Mradi wa barabara ya lami ya kilomita 246 kutoka Tanga hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, uliofadhiliwa kwa sehemu na Benki ya Maendeleo ya Afrika, una manufaa makubwa kwa lori la samaki na la mazao. Lakini penye kivuko pana foleni, na penye foleni pana muuza uji. Wasafiri wa Lindi na Mtwara wanaokumbuka kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wanaelewa. Lami humwezesha mgeni kupita vijiji kumi bila kugusa breki.

Kwa hiyo halmashauri zilizo kando ya barabara hiyo zitenge viwanja vya kuegesha sasa, kabla ardhi haijapanda bei: kivuli, bomba la maji, choo safi, mlinzi wa usiku, ushuru mmoja kwa stakabadhi, na magenge ya wanakijiji langoni. Kilosa nayo iweke mizani Lumuma kwenyewe, gunia lipimwe kabla halijapakiwa kwenye lori.