Miti tunapanda, lakini nani anaikagua?

Najua nimepotea hapa kibarazani, lakini si mnajua tena, majaribio yalifuatana mpaka nikawa naota maswali usingizini. Leo Jumamosi nimeamkia kwenye kimbweta chetu kile cha chini ya mti, desa mkononi, Uluguru imejifunika wingu mpaka kiunoni. Mara upepo ukaanza kushuka kutoka mlimani. Sikufungua desa. Nikaangalia juu.

Shoga yangu akacheka sana. "Yaani wewe unaogopa mti?" Nikamwambia ndiyo, naogopa kidogo, na nina sababu. Ngoja niwasimulie na nyie.

Mwaka jana tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa sekondari moja hapa hapa manispaa. Jina naliweka kapuni. Uwanjani kulikuwa na mwembe wa zamani, mkubwa kweli kweli. Chini yake ndipo paredi ilipofanyika, ndipo uji ulipogawiwa, na darasa likikosa chumba, kipindi kilihamia hapo. Nilipewa Biolojia kidato cha pili, mada ya fangasi. Nikachora uyoga ubaoni vizuri kabisa, nikaeleza kwamba fangasi hawajitengenezei chakula kama mimea ya kijani, wengine hula miti na kuiozesha. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, na ule ulioota kwenye mwembe, pale tawi linapoanzia, nao unaozesha?"

Nikamjibu, "Vizuri sana, ndiyo kazi yake." Kengele ikalia. Nikatoka darasani najisikia mwalimu hasa, maana mwanafunzi ameunganisha somo na mazingira yake. Ule uyoga nilikuwa nimeuona mwenyewe, mgumu kama kibao, umejitokeza kwenye kovu la zamani ambapo mtu alikata tawi kwa panga. Wala haikunijia kujiuliza: kama unaozesha, unaozesha nini? Na nani anakaa chini yake?

Wiki mbili baadaye, Jumapili usiku, ilinyesha mvua ya upepo. Jumatatu tulikuta tawi lile limelala chini, nene kama pipa, juu ya mstari wanaposimama kidato cha kwanza. Lingeanguka saa chache baadaye, wakati wa paredi, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Wiki ile ile mwembe wote ukaangushwa. Likaletwa chenisoo, kufika mchana kimebaki kisiki. Nikaenda kukitazama. Shina lilikuwa zima, jeupe, halina hata tundu. Uozo ulikuwa kwenye lile tawi tu, ambalo tayari lilikuwa limeanguka. Leo watoto wanakunywa uji juani, na jua la saa nne la Morogoro mnalijua. Watu wakasema tatizo limeisha. Mimi naona tulikosea mara mbili: kwanza tulinyamaza, halafu tukakurupuka.

Na hivyo ndivyo miji yetu inavyoishi na miti. Kila tarehe 1 Aprili tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Viongozi wanashika jembe, picha zinapigwa, mche unamwagiwa maji. Jambo jema, silipingi. Lakini baada ya hapo mti hauna mwenyewe mpaka siku utakapoanguka. Tunajua jembe na tunajua shoka. Katikati ya hivyo viwili, miaka hamsini ya maisha ya mti, hakuna mtu.

Halafu katika miaka hiyo tunaufanyia nini? Tunachimba mtaro wa bomba tunakata mizizi ya upande mmoja. Tunachoma taka shinani. Tunapigilia misumari ya matangazo. Tunamwaga zege mpaka kwenye gome. Wengine wanabandua magome ya mwarobaini kwa ajili ya dawa mpaka shina linabaki uchi. Na kila mwaka kuna watu wanaonyoa mti kichwa kizima, wakidhani wanapunguza hatari. Jamani, mti ukinyolewa hivyo unatoa machipukizi mengi yaliyojishikiza juu juu tu, na vile vidonda vikubwa vinakuwa mlango wa fangasi. Baada ya miaka michache una matawi mapya mazito yaliyosimama juu ya kuni zilizooza. Umenunua hatari kwa hela yako.

Msinielewe vibaya, sisemi tuogope miti. Uingereza, nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, kikundi cha wataalamu wa usalama wa miti kilieleza mwaka 2011 kwamba miti huua kwa wastani watu 6 hivi kwa mwaka. Ni wachache mno. Ukilinganisha na barabara zetu na bodaboda zetu, mti ni jirani mwema. Kwa hiyo anayetaka kufyeka miti yote mjini kwa kisingizio cha usalama hana hoja.

Lakini tazameni na upande wa pili. Tarehe 15 Agosti 2017, huko Funchal katika kisiwa cha Madeira, Ureno, watu walikusanyika kwa sikukuu ya dini chini ya mti mkubwa wa mwaloni. Mti ukaanguka. Watu 13 wakafa kwa mara moja. Mti kama ule ungeanguka porini tusingesikia. Kilichofanya uwe msiba ni watu waliokuwa chini. Kwa hiyo swali la kwanza si "mti huu ni mkubwa kiasi gani?" bali "nani anakaa hapa, na kwa muda gani?" Hapo ndipo shule, stendi, soko na vimbweta vyetu vinapoingia.

Sasa tufanye nini? Mimi si mtu wa misitu, ni mwalimu mtarajiwa, lakini mambo ya kuanzia yanahitaji macho tu. Kabla ya masika, tuseme Februari, na kabla ya vuli, Septemba, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wazunguke kila mti ambao watu hukaa chini yake. Waangalie: kuna tawi kavu juu? Kuna uyoga shinani au kwenye maungio? Kuna ufa? Mti umeanza kuinama wakati zamani ulikuwa wima? Udongo umeinuka upande mmoja wa shina? Mizizi imekatwa karibuni? Waandike kwenye daftari, tarehe na mti gani. Wakiona dalili, wamwite afisa misitu wa manispaa aje aamue, siyo jirani mwenye panga. Na mti uliogusa nyaya za umeme asiuguse mtu, waitwe TANESCO.

Halafu kumbukeni, mara nyingi dawa si kukata mti. Unaweza kuondoa tawi moja. Unaweza kuhamisha benchi. Paredi inaweza kusogea hatua ishirini. Na siku Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo mkali, kama ilivyotangaza Mei 2024 kabla ya kimbunga Hidaya kufika Mafia, kipindi cha chini ya mti kinahamia ndani, basi. Hayo yote hayana gharama. Na mche mchanga tuupunguze matawi mabaya mapema, ukiwa bado unakatika kwa mkasi. Wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi.

Najua mtaniambia hela hakuna. Kwani kutazama juu kunalipiwa? Au mtasema wataalamu hakuna. Hapa Morogoro? Mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine kinachofundisha misitu, mji yaliko makao makuu ya TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu? Sisi tungekuwa wa mwisho kutoa udhuru huo. Nadhani wanafunzi wa misitu na sisi wa ualimu tungeweza kabisa kukaa pamoja Jumamosi moja, wao watufundishe kusoma mti, sisi tupeleke somo hilo kila shule tutakayopangiwa. Baada ya miaka mitatu tutakuwa tumetawanyika nchi nzima.

Yule kijana wa dawati la nyuma aliuliza swali sahihi, mwalimu wake akampa pongezi badala ya kusimama na kwenda kuangalia. Hilo linaniuma mpaka leo. Tunafundishwa chuoni kumsifu mwanafunzi anayejibu vizuri, lakini siku nyingine mwanafunzi anakuwa anatoa taarifa, hajibu swali.

Kwa hiyo leo asubuhi, baada ya kuangalia juu, niliona tawi moja kavu, limekaa sawasawa na vichwa vyetu. Nikamtafuta mzee wa bustani. "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda, akasema, "Hili nitalishusha Jumatatu. Leo kaeni kule." Tukahamia kimbweta cha pili. Shoga yangu bado ananicheka, lakini naye alihama.

Nyie mnaosoma, kesho mkikaa chini ya mti wenu wa kila siku, inueni macho kwanza. Mkiona kitu, semeni kwa mtu mwenye kazi hiyo, na mfuatilie. Naomba kuwasilisha. Wikiendi njema.